Kijiti: Wimbo Ambao Wanawake Hawakukubali Ufe

Zipo nyimbo tunazozicheza miaka mingi kabla hatujazisikiliza. Wimbo wa "Kijiti" ni mmoja wao. Hapa kwetu mwambaoni, toka Bagamoyo mjini hadi Saadani, na huku ndani Miono, akina mama wengi wanaujua tangu utoto. Mdundo wake unachangamsha, na mwenye mabega mepesi hawezi kukaa kitini. Lakini anayetulia akafuata maneno yake atashtuka, kwa maana wimbo huo ni habari ya mwanamke aliyeuawa, na ya wanawake wenzake walioadhibiwa kwa sababu walisema ukweli.

Katika makala haya tumeona vema tueleze wimbo huu ulitoka wapi, nani aliuimba kwanza, nani aliupokea baada yake, na kwa nini unatuhusu sisi wake na akina mama tunaolea mabinti leo.

KISA CHENYEWE

Kisa kilitokea Unguja katika miaka ambayo mwimbaji Siti binti Saad alikuwa anavuma, wakati visiwa vile viko chini ya himaya ya Waingereza. Mwanamke mmoja mgeni alikuwa amekwenda huko kutembea. Mtu aliyeitwa Kijiti akamchukua kwenda kustarehe, na wanawake wawili wa hapo wakafuatana nao. Pombe ikanywewa. Kisha Kijiti akaenda na yule mgeni vichakani, akamtenda jeuri na kumwua. Marehemu alikuwa mjamzito.

Kijiti hakukamatwa. Alivuka bahari akaja upande huu wetu wa bara, akajificha. Wale wanawake wawili waliobaki walifanya lililo haki: walisimama mbele ya mahakama wakaeleza waliyoyaona. Ndipo likatokea jambo ambalo watu wa Unguja hawakulisahau. Mahakama ikawageukia mashahidi wenyewe, ikawafunga gerezani kwa kosa la pombe. Mwuaji alikuwa akitembea huru bara, na waliokuja kumshuhudia walikuwa ndani.

Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake juu ya maisha ya Zanzibar kilichotoka mwaka 2001, ameandika jinsi wazee wa Unguja walivyomsimulia kisa hiki. Zaidi ya nusu karne ilikuwa imepita, lakini bado walikikumbuka, na waliokihifadhi ni wimbo. Hukumu iliandikwa katika vitabu vya mahakama ambavyo watu wa kawaida hawakuvisoma. Wimbo uliandikwa vichwani mwao.

SITI ALIKUWA NANI?

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kijiji cha Unguja, karibu mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa watu wa chini kabisa katika jamii ya siku zile, watu waliopitia utumwa, na yeye mwenyewe alipozaliwa alipewa jina la Mtumwa. Mama yake alifinyanga vyungu, na binti alivichukua kwenda kuviuza, akivitangaza kwa sauti yake nzuri. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko akafundishwa kuimba na kufuata muziki, akaingia katika kundi la wanaume wapiga ala waliomheshimu kama mwenzao. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alilipata kwa kazi yake.

Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi sahani za santuri. Zilinunuliwa kwa maelfu. Kabla yake taarabu ya Unguja ilikuwa ya majumba ya wakubwa na iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, na habari za mitaani zikaingia ndani yake: wizi wa karani, hukumu ya hakimu, mapenzi, dhuluma, na masikitiko ya maskini. Mtu asiyejua kusoma gazeti alizipata habari za mji kwa kumsikiliza Siti.

Haya hayakuwapendeza wote. Wapo waliomtungia maneno ya kejeli, wakimkumbusha kwamba ametoka shamba na kuuliza amekuwa mtu tangu lini. Siti hakutukana. Alijibu kwa wimbo, akieleza kwamba uzuri wa sura na nasaba si kitu mbele ya tabia njema na akili. Mwandishi Shaaban Robert aliona maisha hayo yanafaa kuwa funzo, akaandika wasifu wake. Siti alifariki mwaka 1950.

Basi mtu wa namna hii ndiye aliyechukua kisa cha Kijiti. Yeye pia alikuwa mwanamke, asiye na ukoo wa kumtetea. Alijua jinsi mji unavyoweza kumhukumu mwanamke kwa kutazama alikotoka badala ya kutazama alilotendewa.

WIMBO UNASEMA NINI?

Hatutauandika hapa, msomaji anaweza kuutafuta na kuusikiliza. Tunataka kuonyesha mambo manne tu.

La kwanza, wimbo unaanza kwa kuwaita watu watazame, na wanachoitwa kukitazama ni alichofanya Kijiti. Hauanzi kwa kuuliza marehemu alivaa nini, au aliaga kwa nani, au kwa nini alitoka usiku. Kidole kinaelekezwa kwa mtenda kosa, na jina lake ndilo lililobaki kuwa jina la wimbo hadi leo. Kijiti aliponea gerezani, lakini hakuponea kutajwa.

La pili, katika ubeti mmoja anayesema ni marehemu mwenyewe. Anaeleza jinsi Kijiti alivyomwita, na anajuta kwamba angejua asingekwenda. Mahakama haikuweza kumsikia kwa kuwa amekufa. Mwimbaji alimwazima kinywa chake ili asikike.

La tatu, wimbo unamfikiria mtoto aliyekuwa tumboni. Unamhesabu.

La nne, wimbo unamtaja hakimu pale kitini pake, na unataja kufungwa kwa wale mashahidi. Kwa watu waliotawaliwa, kusema wazi kwamba mwenye kiti cha hukumu amekosea halikuwa jambo dogo. Hatimaye unamwapiza Kijiti huko bara alikokimbilia. Wakati sheria imeshindwa kuvuka bahari, wimbo ulivuka.

Ni kweli kwamba wasikilizaji hawakuuelewa wote kwa namna moja. Wapo waliouchukua kama onyo kwa wanawake: msifuatane na mtu msiyemjua, msinywe pombe, msitoke usiku. Onyo hilo si baya, na mama yeyote atalitoa kwa binti yake. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumemaliza kumhukumu aliyekufa, na Kijiti tumemwacha apite. Wimbo wenyewe haukuishia hapo. Ulikwenda mpaka kwa mwuaji, na ulikwenda mpaka mahakamani.

BI KIDUDE AKAUPOKEA

Wimbo mzuri unaweza kufa na mwenyewe. "Kijiti" haukufa kwa sababu mwanamke mwingine aliuimba tena. Huyo ni Fatuma binti Baraka, tuliyemzoea kwa jina la Bi Kidude.

Bi Kidude alizaliwa kijiji cha Mfagimaringo, Unguja, mwanzoni mwa karne ya 20. Baba yake alikuwa mwuza nazi. Hakusoma shule ya muziki. Alijifunza kwa kumsikiliza Siti na kuyaweka maneno kichwani. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alitoroka angali msichana mdogo ili asiozwe kwa nguvu, na baadaye akaikimbia ndoa nyingine aliyopigwa. Alitembea bara kwa miguu, akiimba na kupiga ngoma. Aliporudi Unguja akawa pia mwalimu wa unyago, akiwafunza wasichana habari za mwili wao na maisha ya ndoa.

Basi alipouimba "Kijiti" hakuwa anaiga tu. Siti alikuwa na sauti iliyofunzwa, akiimba ndani ya kundi lenye udi na fidla. Sauti ya Bi Kidude ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo, sauti ya mtu aliyetembea njia ndefu. Maneno ni yale yale, lakini yanapotoka katika kinywa cha mwanamke aliyewahi kukimbia mkono wa mwanamume, yanachukua uzito mwingine. Siti alitoa habari ya jambo lililotokea jana. Bi Kidude, miaka mingi baadaye, alituambia kwamba jambo hilo halijaisha.

Aliimba hadi uzeeni kabisa. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, ambayo hutolewa kwa wanamuziki wa mataifa mbalimbali, na watu wa Ulaya na Asia wakamsikia bibi huyu wa Unguja akiimba habari ambazo mahakama ilitaka zifungwe. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Na hata baada yake damu ya Siti imeendelea: mwaka 2020 kitukuu wake, Siti Muharam, alitoa albamu ya nyimbo za bibi huyo kwa ala za kisasa.

KUIMBA TENA NI KUSHUHUDIA TENA

Kuna watu hudhani kurudia wimbo wa mtu mwingine ni kukosa la kusema. Tukichunguza tutaona sivyo. Nchini Marekani, mwaka 1965, Otis Redding alitoa wimbo wa "Respect", yaani heshima, ambamo mume anarudi nyumbani akidai aheshimiwe. Mwaka 1967 Aretha Franklin, binti wa mchungaji wa Kibaptisti wa Detroit aliyeanza kuimba kanisani kwa baba yake, aliuchukua wimbo ule ule. Sasa anayedai heshima ni mke. Ulienea duniani, na wengi leo hawajui hata kwamba uliwahi kuwa wa mwanamume.

Sisi tunaosoma Biblia tuna mfano wa karibu zaidi. Hana, aliyedhihakiwa kwa utasa, alipopata mtoto aliimba juu ya Mungu awainuaye wanyonge na kuwashibisha wenye njaa (1 Samweli 2). Karne nyingi baadaye, Mariamu, msichana maskini wa Nazareti, alipokuwa na mimba aliimba naye (Luka 1), na ukiziweka nyimbo hizo mbili kando kwa kando utaona Mariamu ameyapokea mawazo ya Hana. Hakuona aibu kuazima maneno ya mama aliyemtangulia, kwa maana yalikuwa kweli tena.

Hapa Bagamoyo pia tunaona wanawake wakiupokea wimbo uliokuwa wa wazee wao. Hukwe Zawose, yule Mgogo mashuhuri wa ilimba aliyefariki mwaka 2003, aliishi na kufundisha mjini Bagamoyo. Katika desturi ya ukoo wake wanawake walicheza, walipiga ngoma na kuitikia. Kuongoza wimbo ilikuwa kazi ya wanaume. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao iitwayo "Maisha", na wao ndio waongozao. Nyumba ni ile ile, ala ni zile zile, ila aliyekuwa mwitikiaji sasa ndiye anayeanzisha.

KIJITI ALIVUKA AKAJA HUKU

Turudi kwetu. Mwuaji wa wimbo huu alikimbilia upande huu wa bahari. Ukisimama Saadani au Bagamoyo, Unguja iko mbele yako ng'ambo ya maji, na majahazi yamekuwa yakienda na kurudi tangu zamani za mababu. Huku Miono, kati ya Mandera na bahari, tuna desturi zetu za kumcheza mwali, za Wazigua, Wadoe na Wakwere, na tuna harusi na ngoma za usiku, zile ambazo siku hizi huitwa vigodoro. Muziki unapigwa mpaka alfajiri. Binti anatoka na wenzake wawili. Yupo mtu mwenye pikipiki, yupo mwenye kununua soda na kisichokuwa soda. Mama yupo nyumbani, anasikia ngoma kwa mbali.

Mambo ya aina hii yakitokea, tunayajua maneno yanayofuata. "Alifuata nini kule?" "Mbona wenziwe hawakupatwa?" "Tuyamalize kifamilia, tusijiaibishe." Na wale wasichana wawili waliokuwa naye, ambao ndio pekee waliomwona mtu yule, wanafungiwa ndani na mama zao: "Msiseme neno, mtaambiwa na nyinyi ni wahuni." Hivyo ndivyo tunavyowafunga mashahidi sisi wenyewe, bila jaji na bila gereza. Hakimu wa kikoloni alifanya mara moja. Katika vijiji vyetu jambo hili hutendeka pasipo mtu kutunga wimbo.

Lakini sheria ya leo si ile ya enzi za Siti. Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililiita gazeti lake "Sauti ya Siti" kwa heshima ya mama huyu. Waandishi hao, pamoja na wengine wengi, walipigania sheria kali dhidi ya ubakaji, na mwaka 1998 Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Chini ya sheria hiyo mbakaji hupewa kifungo kisichopungua miaka 30. Tena mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa aliyetendewa peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Mwaka 2015 ikatungwa pia Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi. Wale wanawake wawili wa Unguja hawakuwa na kinga kama hizo. Binti zetu wanazo, lakini hazina faida kama sisi akina mama hatutafungua mlango.

YATUPASAYO KUFANYA

1. Mama, binti akija na habari nzito, msikilize mpaka mwisho kabla ya kumwuliza kwa nini alikwenda. Swali la kwanza utakalomwuliza ndilo litakaloamua kama atasema yaliyobaki.

2. Aliyetendewa jeuri apelekwe upesi kituo cha afya au hospitali kabla ya kuoga, na nguo alizovaa zihifadhiwe bila kufuliwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hufaa tu zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo bora. Kusubiri kikao cha ukoo mpaka Jumapili ni kuzipoteza saa hizo.

3. Polisi hutoa fomu ya PF3, na katika vituo vingi lipo Dawati la Jinsia na Watoto ambapo mama anaweza kueleza habari zake faraghani. Mtoto anapodhuriwa, simu namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo.

4. Usikubali mbuzi au fedha za kuyamaliza nyumbani. Ubakaji ni jinai; si deni baina ya koo mbili. Mtu aliyelipa mbuzi akaachwa atakwenda kijiji kingine, kama Kijiti alivyovuka bahari.

5. Walinde mashahidi. Msichana wa jirani aliyeona akasema ni mtoto wako siku hiyo. Fuatana naye polisi, keti naye mahakamani, mletee chai. Akitukanwa kisimani, wewe ndiye wa kujibu.

6. Zungumza na wana wako wa kiume. Kijiti naye alizaliwa na mama. Mvulana aelezwe mapema, kwa maneno wazi, kwamba soda aliyoinunua haimpi haki juu ya mwili wa mtu, na kwamba aliyelewa hawezi kukubali neno lolote.

7. Ngoma ziendelee, kwa maana furaha ni neema. Ila wazazi wa harusi waweke saa ya mabinti kurudi, na mama watu wazima wawili au watatu wawe macho usiku ule, kama walivyokuwa masomo na makungwi wa zamani, ambao hawakumwacha mwali peke yake.

Baadhi ya wasomaji watauliza kama inafaa wanawake wa kanisani kujifunza kwa wimbo wa taarabu, ulioimbwa na mama Mwislamu, wenye pombe na vichaka ndani yake. Tunajibu kwamba msiba ulio ndani ya wimbo huu hauna dini. Biblia yetu haikuficha habari ya Tamari binti Daudi, aliyetendwa jeuri na nduguye, kisha akaambiwa anyamaze. Iliandikwa ili tusiseme hatukujua. Kunyamaza ndiko kulikomwacha Tamari akiwa mkiwa nyumbani mwa kaka yake.

Siti hakuweza kuwafungulia gereza wale wanawake wawili, wala hakuweza kumrudisha Kijiti kutoka bara. Alichoweza ni kusema, mbele ya watu, nani alitenda na nani alionewa. Bi Kidude naye alisema hivyo hivyo mpaka pumzi zake za mwisho. Sasa wimbo uko mikononi mwetu, hata sisi tusio na sauti ya kuimba. Siku binti wa Miono atakaporudi alfajiri akilia, au mwenzake atakapokuja kutuambia kwamba hakurudi, tumtaje aliyetenda, na tuwashike mkono walioona.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni nani huulizwa maswali ya kwanza jambo kama hili linapotokea: mtenda, mtendewa, au mashahidi? Kwa nini?

2. Tulipousikia wimbo huu zamani, tulichukua funzo gani? Je, limebadilika?

3. Ni akina mama gani wawili au watatu katika jumuiya yetu ambao msichana yeyote anaweza kuwakimbilia usiku? Je, mabinti wanawajua?